Tafakari ya juma: Mefiboshethi hakuandika barua ya maombi



Wapendwa waamini, juma hili tafakari yangu haitafuata masomo ya Dominika. Nawaomba radhi wale ambao huisoma ili kujiandaa kwa Misa Takatifu. Nimeamua hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, nilipokuwa nikiwapelekea wagonjwa Ekaristi Takatifu huku Lufingo. Jambo ambalo, nikisema kweli mbele ya Mungu, nimekuwa nikiliona kwa miaka kadhaa bila kufungua kinywa changu.

Yupo mzee mmoja ambaye sitamtaja jina wala kitongoji. Alikwenda vitani akiwa kijana wa mgambo, akapigana katika Vita vya Kagera, akarudi nyumbani bila mguu wa kulia, tangu juu ya goti. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, na kama zilivyo nyumba nyingi za huku kwetu Rungwe, ambako mvua haina adabu, imeinuliwa juu ya msingi mrefu ili maji yasiingie ndani. Mlango wa mbele una ngazi tatu, mlango wa nyuma una nne. Choo kipo nyuma, chini ya migomba, hatua kama thelathini kwenye mteremko. Ni choo cha shimo, cha kuchuchumaa. Jaribuni, ninyi wenye miguu miwili, kuchuchumaa kwa mguu mmoja!

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, akishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, magongo ameyatupa mbele yake topeni ili ayaokote akifika chini. Nilinyosha mkono nimsaidie. Akaniambia kwa upole, "Subiri ndani, Baba, nitakuja." Nikaingia ndani nikaketi, na Mwili wa Bwana ukiwa kifuani pangu. Tulisubiri, Bwana wetu na mimi, karibu dakika arobaini na tano. Aliporudi alikuwa na tope hadi kifuani, na aliomba kwanza apewe maji ajisafishe, kwa maana hakutaka kumpokea Yesu katika hali ile.

Mtauliza, je, hakuwa na mtu nyumbani? Alikuwepo mkamwana wake, anapika jikoni. Lakini ninyi Wanyakyusa mnajua kuliko mimi heshima iliyopo kati ya mkamwana na baba mkwe. Zamani mkamwana hakuruhusiwa hata kukutana na baba mkwe njiani. Alichepuka vichakani akajifunika. Siku hizi desturi hiyo imelegea, lakini haijalegea kiasi cha mkamwana kumshika baba mkwe kiuno na kumpeleka chooni. Basi yule mama aliinamisha kichwa, akaendelea kuchochea moto, na najua kwamba alikuwa akilia. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikigusa suala hili najibiwa kwamba sisi Waafrika tuna familia, hatuhitaji mambo ya Wazungu ya serikali kumtengenezea mtu nyumba. Familia ipo. Ni hiyo hiyo iliyokuwa inalia jikoni.

Hoja yangu ni moja, nami nitaisema bila kuizungusha. Askari aliyepata kilema akilitetea Taifa analidai Taifa hilo nyumba anayoweza kuingia na kutoka, choo anachoweza kukitumia, na njia ya kufika hospitali, kanisani na sokoni. Analidai. Haombi. Malipo ya uzeeni, hata pale yanapokuwapo, ni ya chakula na mavazi. Hayageuzi ngazi kuwa mteremko. Panahitajika fungu la pekee, ruzuku isiyorudishwa, kwa ajili ya kurekebisha makazi na chombo cha usafiri cha askari mlemavu, iwe alikuwa wa jeshi la kudumu au mgambo aliyeitwa toka shambani.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Samueli. Katika sura ya nne tunasimuliwa juu ya mtoto wa Yonathani, mwenye miaka mitano. Habari za kuuawa kwa Sauli na Yonathani vitani zilipofika, yaya wake alimbeba akakimbia naye. Katika kukimbia huko mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Jina lake Mefiboshethi. Kilema chake, basi, ni kilema cha vita, ingawa hakushika upanga. Miaka ikapita. Katika sura ya tisa Daudi, akiwa sasa mfalme aliyetulia, anauliza kama yupo aliyesalia wa nyumba ya Sauli, amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa kwamba yupo mmoja, kiwete, anaishi Lodebari katika nyumba ya mtu mwingine.

Sasa angalieni alichofanya mfalme. Hakutangaza kwamba wenye shida wafike Yerusalemu na picha mbili ndogo, barua ya mtendaji wa kijiji na nakala za vyeti. Alituma watu wakamlete, maana yake usafiri ulikuwa juu ya mfalme. Kisha akamrudishia ardhi yote ya babu yake, na kwa kuwa kiwete hawezi kulima, akamwagiza Siba, pamoja na wanawe kumi na watano na watumishi ishirini, wailime ardhi ile kwa niaba yake. Mwisho akamweka mezani pake kila siku. Daudi alielewa kwamba kumpa kiwete shamba bila kumpa mikono ya kulilima ni kumdhihaki. Na hakusema kwamba anatoa sadaka; alikuwa akitimiza agano alilofanya na Yonathani. Agano huzaa deni, na mwenye kudaiwa ndiye anayepaswa kumtafuta mdai wake.

Sisi nasi tulifanya agano. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, na Mwalimu Nyerere alipolihutubia Taifa mwezi uliofuata, alisema tunao uwezo wa kumpiga, tunayo sababu na tunayo nia. Vijana wakaitwa kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao wakiwa mgambo waliokuwa na majembe mikononi. Walitembea kwa miguu kutoka Kagera hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na wengine wakaendelea hadi mipaka ya kaskazini ya Uganda. Hakuna aliyewaambia wakati ule kwamba wakipoteza mguu watalazimika kuwa wa mwisho katika foleni. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliokufa kwa mkuki na ngao na mashada ya maua, na kule Kaboya, wilayani Muleba, makaburi yao yanatunzwa. Ni vema na haki. Lakini marehemu haombi ngazi ibomolewe. Aliye hai ndiye anayesumbua, na labda ndiyo sababu tunampenda zaidi akishakufa.

Nimesikia majibu mengi juu ya suala hili, mengine kutoka kwa waamini wangu wenyewe. Jibu la kwanza ni kwamba nchi ni maskini. Ningelinyamazia jibu hili kama lingetolewa na maskini. Hutolewa na watu wanaoshuka kutoka katika magari ambayo tairi lake moja jipya lingejenga choo kizima cha kukaa, na saruji ikabaki. Na kama ni umaskini, tuwatazame jirani zetu Rwanda. Nchi ile eneo lake ni dogo kuliko mkoa wetu wa Mbeya, na mwaka 1994 ilibaki majivu. Hata hivyo mwaka 2007 ilitunga sheria ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu, ikawapanga kwa viwango vya ukali wa vilema vyao, na wale wa viwango vya juu wakajengewa nyumba na kupewa posho ya kila mwezi. Tume iliyosimamia kazi hiyo iliwahudumia pia watu waliotoka katika jeshi la zamani, lile lililoshindwa. Wenzetu wamewajengea hata maadui wao wa jana. Sisi tumeshindwa kumwekea bomba la kushikilia mtu aliyetushindia vita! Uwezo, sababu na nia tulivipata kwa ajili ya kuuteka mji wa Kampala. Kwa ajili ya ngazi nne za mlango wa nyuma tunasema uwezo hatuna.

Wamarekani ni matajiri, hilo sibishi, lakini inafaa kujua walivyofikiri. Mwaka 1946, mara tu baada ya vita kuu, walitunga sheria ya kumpa askari aliyekatika kiungo dola 1,600 za kununulia gari, na mwaka 1948 wakaongeza ruzuku ya nyumba, hadi dola 10,000, kwa askari waliopooza miguu. Leo ruzuku hiyo ya nyumba imevuka dola 100,000. Sitaji namba hizo ili tuzitamani. Nazitaja kwa sababu ya utaratibu wake: pensheni ni kitu kimoja, mlango ni kitu kingine, usafiri ni kitu cha tatu, na mtu hatakiwi kuchagua kati ya kula na kutoka nje.

Wengine hunijibu kwamba sheria zipo. Zipo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka majengo ya umma yafikike. Ni jambo jema, lakini mzee wangu haishi katika jengo la umma. Upo pia utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika sheria yake ya forodha ya mwaka 2004, unaomsamehe ushuru mtu mwenye ulemavu anayeingiza gari lililotengenezwa kwa ajili ya hali yake. Msamaha huo ni wa nani hapa Lufingo? Kumsamehe ushuru wa gari mtu asiyeweza kununua kandambili mpya ni kumwambia njaa imekatazwa.

Na ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Siibezi, wapo waliofungua vibanda na kushona nguo kwa fedha hizo. Ila ni mkopo. Hauna riba, lakini ni mkopo, na mkopo hurejeshwa kutokana na faida. Choo hakizai faida. Mteremko wa saruji mbele ya mlango hauuzwi sokoni Tukuyu. Kumkopesha mtu ili ajitengenezee kile ambacho sisi ndio tunaodaiwa ni kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Kuhusu usafiri nisieleweke vibaya. Sisemi kila mzee apewe gari. Niliwahi kushuhudia wafadhili, watu wema kabisa, wakimletea mwenzetu mmoja kiti mwendo chenye magurudumu membamba, wakapiga naye picha, wakaondoka. Kwenye barabara zetu za udongo mwekundu, na milima hii, kiti kile hakikuvuka hata kizingiti. Nilipopita baada ya miezi kadhaa, kuku alikuwa ametagia humo. Kinachotakiwa kitategemea mtu na mahali. Dar es Salaam wapo watu wenye ulemavu wanaoendesha bajaji na kulisha familia zao. Usukani na gia za bajaji huendeshwa kwa mikono, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuihamishia breki ya mguu mkononi. Kwa askari aliye Tukuyu mjini au Uyole, chombo kama hicho kingemrudishia uanaume wake. Kwa mzee wangu, ambaye bajaji haifiki kwake masika, pengine kinachofaa ni nauli ya gari la kukodi mara kadhaa kwa mwezi na njia ya mawe toka mlangoni hadi barabarani. Aliwahi kuitwa mjini kufuatilia jambo la malipo, katika ofisi ambayo sitaitaja. Nauli ya kukodi gari kwenda na kurudi ikawa kubwa kuliko kilichofuatiliwa, na chumba alichotakiwa kufika kilikuwa ghorofani.

Wapo pia wasemao kwamba hayo ni mambo ya kale, wazee wenyewe wamebaki wachache. Hapa hasira yangu inapanda, Mungu anisamehe. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia miaka 70. Wamebaki wachache kwa sababu tumesubiri! Waingereza walifanya hivyo kwa babu zetu wa King's African Rifles, waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma: Novemba 2018, miaka zaidi ya sabini baada ya vita, serikali yao ikatangaza pauni milioni 12 za kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika umaskini. Wengi wao walikwisha kuzikwa. Je, tuliyemlaumu mkoloni kwa hilo ndiye tunayemwiga? Na si mambo ya kale tu. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu Kaskazini, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliojeruhiwa wakati ule ni vijana. Wana miaka arobaini mbele yao ya kupanda na kushuka ngazi.

Najua pia yupo atakayesema kwamba Padre ameacha altare na kuingia siasa. Katekisimu ya Kanisa, namba 2310, inafundisha kwamba serikali ina haki ya kuwadai raia wajibu wa kuilinda nchi, na kwamba wanajeshi ni watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa. Haki ya kudai huduma haiwezi kukaa peke yake bila wajibu wa kumtunza aliyeitoa. Hiyo si siasa ya chama chochote.

Lakini yapo maneno magumu zaidi, nayo yanatuhusu sisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, namba 8, unatuonya kwamba kwanza tutimize madai ya haki, tusije tukatoa kama zawadi ya mapendo kile ambacho mtu anastahili kwa haki. Sisi je? Kila Noeli tunampelekea mzee yule kilo za mchele, sabuni na mafuta, tunaimba, tunaondoka tukijisikia watakatifu. Amewahi kuniambia, "Baba, mchele ninao." Sikumsikia. Na katika kigango kimoja ninachokihudumia, kanisa tulilolijenga kwa michango yetu wenyewe, mbele ya macho yangu, lina ngazi sita na halina mteremko. Mimi ndiye niliyeubariki mlango ule. Mkumbuke watu wanne katika Injili ya Marko, sura ya pili, waliotoboa paa la nyumba ya watu ili mgonjwa wao afike kwa Yesu. Yesu hakuuliza nani atalipia paa. Sisi tumeona afadhali mgonjwa abaki nje kuliko kugusa sakafu mpya.

Kwa hiyo nimezungumza na mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi UWAKA watakutana nyumbani kwa mzee, naye mwenyewe ameridhia. Tuna mafundi waashi wawili. Wanahitajika wabeba kokoto. Tutajenga choo cha kukaa kilichoungana na ukuta wa nyumba, chenye bomba la kushikilia pande zote mbili, na mteremko wa saruji kwenye mlango wa nyuma, usio mkali, wenye michirizo ili gongo lisiteleze. WAWATA wameahidi chakula. Wenye saruji iliyobaki kwenye ujenzi wao wasione haya kuleta nusu mfuko.

Ila kazi hii haitaitwa msaada. Katibu atakuwa na daftari ambamo kila mfuko wa saruji, kila siku ya fundi na kila debe la mchanga vitaandikwa pamoja na bei yake, na juu ya daftari hilo pataandikwa neno moja tu: Deni. Nakala moja itapelekwa kwa diwani na nyingine kwa mbunge, pamoja na barua ambayo itasomwa Dominika baada ya matangazo, ili anayetaka kutia saini atie. Viongozi wa jumuiya ndogondogo naomba mniletee kabla ya mwisho wa mwezi idadi ya askari wa zamani wenye ulemavu katika maeneo yenu, wawe Wakatoliki, Walutheri, Wamoraviani, Waislamu au wasio na dini. Msiwaite ofisini kwangu. Nendeni ninyi, mkapime milango.

Kuhusu ngazi sita za kigango, fundi amekwisha kuja kupima. Sakafu itavunjwa.

Wenu katika Kristo,
Paroko